Baiskeli ya Kumnyinya

Longinus alishuka kwenye lori pale Kibondo na mali zake zote mwilini: suruali ya bugaluu iliyofagia barabara nzima, viatu vya raizoni vilivyomwongezea urefu ambao Mungu alisahau kumpa, filimbi shingoni, na kwapani ubao wa kuandikia wenye kibanio cha chuma. Mfukoni alikuwa na shilingi moja. Mtu mwingine angeingiwa na hofu. Longinus alinunua maandazi mawili.

Ilikuwa Oktoba, mwaka wa sabini na sita, na mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kulowanisha vumbi. Maandazi yalifungwa kwenye kipande cha gazeti la zamani, na kwa kuwa Longinus hakuwa mtu wa kutupa kitu kabla ya kukikagua, alisoma huku akitafuna. Palikuwa na picha iliyolowa mafuta. Wazungu kama kumi, wake kwa waume, wamevaa kaptura, wamepanda baiskeli, wanacheka. Maelezo ya chini yalisema watu hao walikuwa wameendesha baiskeli siku mbili huko kwao Ulaya, na kwa kila maili waliyokwenda jamaa zao walitoa mchango wa kuwasaidia wakulima wa nchi maskini.

Longinus alisimamisha taya. Akarudia kusoma tangu mwanzo. Hakuona mahali popote palipoandikwa kwamba baiskeli hizo zilibeba mkungu wa ndizi, au gunia, au hata mgonjwa. Watu walikuwa wamepanda baiskeli tupu, wakaenda, wakafika, na wenzao wakatoa.

"Miaka yote hii natapeli watu kwa jasho," alijiambia kwa huzuni ya kweli, "kumbe ipo njia ya heshima."

Alipoinua macho, ng'ambo ya barabara akaliona duka la Athuman, na ndani ya duka, juu kabisa, inaning'inia kwenye boriti, baiskeli mpya aina ya Phoenix ikiwa bado imeviringishwa karatasi za kaki. Ilikuwa nyeusi, ina kengele, ina dinamo, ina keria pana ya kubebea chochote. Longinus aliwahi kuijua baiskeli kama hiyo zamani na hakupenda kuikumbuka. Lakini kupenda kuwa nayo, hilo lilikuwa jambo jingine. Kabla andazi la pili halijaisha mpango wote ulikuwa umekamilika: atatoka Kibondo kwa vigelegele, atavuka Malagarasi, atafika Kasulu, atapita Kasulu bila kugeuka nyuma, na Ujiji ataiuza Phoenix hiyo kwa mtu asiyependa maswali. Kisha treni.

Alijifuta mafuta mdomoni, akavuka barabara.

"Ndugu Athuman," alisema, kwa sauti ya mtu aliyetumwa na watu wakubwa, "baiskeli hii imekaa juu miezi mingapi?"

"Sita," alisema Athuman. Alikuwa mtu mnene mwenye miwani, aliyeipenda mizigo yake kuliko wateja wake. "Wanakuja, wanaitazama, wananunua kiberiti, wanaondoka."

"Kwa sababu wanaiona imekaa. Baiskeli watu hununua wakiiona inakwenda. Mimi ni Mratibu wa Safari ya Baiskeli ya Kuwachangia Wakulima. Nitaipitisha mbele ya macho ya watu, bonde kwa bonde, mpaka Kasulu. Kwenye madigadi ya nyuma tutaandika kwa rangi nyeupe: DUKA LA ATHUMAN, KIBONDO."

"Wengi huko hawajui kusoma."

"Basi watauliza, na mimi nitawajibu."

Athuman alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Na ukitoroka nayo?"

Longinus aliweka kiganja kifuani, juu ya filimbi. Uso wake ulionyesha maumivu ya mtu mwema aliyesingiziwa. "Ndugu yangu, mtoro gani anatembea na filimbi?"

Athuman alisema atafikiri, arudi kesho. Kesho yake alikubali bila swali hata moja, na Longinus akatoka dukani akijipongeza kwa ufasaha wake. Hakujiuliza mfanyabiashara mwenye miwani alifikiria pamoja na nani usiku huo. Tusimlaumu. Watu hodari wana kazi nyingi, hawawezi kujiuliza kila kitu.

Jioni ya siku ile ya kwanza, kabla Athuman hajajibu, Longinus alikuwa amekwenda kula kwa Mama Philomena, nyuma ya soko. Philomena alikuwa mjane, mpishi wa ugali na maharage na muuzaji wa pombe ya ndizi, na kwa muda mrefu ndiye aliyekuwa akiwasemea kina mama wa sokoni kila walipotaka kitu kwa wakubwa. Alimsikiliza Longinus akimweleza kila mlaji habari za safari yake. Alipokuja kuondoa sahani akauliza:

"Hao wakulima unaowachangia, baba, ni wakulima gani?"

Hapo Longinus alijikwaa kidogo, maana hakuwa amewachagua. Kwenye lori alikuwa amesikia kwamba vilima vyote vya upande wa Makere vilihamishwa wakati wa operesheni ya vijiji, watu wakapelekwa kwingine, na huko juu sasa kulikuwa na nyani tu na migomba isiyokuwa na mwenyewe. Akaona hao ndio maskini wanaomfaa: watu wasiokuwepo, wasioweza kutokea ofisini siku moja kuuliza mchango wao uko wapi. Na jina la kwanza la kilima lililomjia mdomoni lilikuwa la kilima alichozaliwa.

"Kumnyinya," alisema.

Sahani zikatulia mikononi mwa Philomena. "Kumnyinya," alirudia.

"Hali yao mbaya sana, mama. Hawana hata mbegu."

Philomena akamtazama, akatazama mwanya mpana wa meno yake ya mbele, kisha akamwongezea pombe ambayo hakuwa ameiagiza. "Kunywa, baba," alisema. "Una safari ndefu."

Longinus alikunywa. Alizoea kupendwa na akina mama.

Siku ya gulio mkutano ulifanyika sokoni. Mwalimu Laurent, kijana wa Kihaya aliyepangiwa kazi huko na kupenda sana utaratibu, alisema safari yoyote ya maana lazima iwe na kanuni zilizoandikwa. Longinus hakuwa na pingamizi, maana aliamini kanuni hupendeza sana machoni pa watu. Akasimama juu ya sanduku la sabuni, akazitamka moja baada ya nyingine huku Laurent akiandika kwa mwandiko mzuri kwenye kadibodi: msafiri hatapanda gari, msafiri hatapita kwenye makazi ya watu bila kusimama na kueleza habari za wakulima, msafiri hatakabidhi baiskeli kwa mtu mwingine, msafiri atafika.

Baada ya hapo akahutubia. Alieleza njaa ya Kumnyinya mpaka mwenyewe akahisi tumbo linamkata. Alieleza jinsi mtu atakavyotoa kidogo tu kwa kila kilima atakachokipanda yeye Longinus kwa miguu yake mwenyewe. Alipomaliza alitegemea makofi. Watu walimtazama kama watu wanaosubiri sehemu iliyobaki.

Mzee mmoja akanyanyua fimbo. Alikuwa Kipriani, mkulima wa Kumsenga, aliyekuja kuuza njugumawe. Alipiga makofi mawili mepesi ya heshima kwanza, kama desturi, ndipo akasema:

"Tumesikia, ndugu. Tunauliza. Hiyo baiskeli itabeba nini?"

"Haibebi kitu, mzee. Inakwenda tu."

"Inakwenda tupu?"

"Tupu, mzee. Ndiyo maana yake. Mimi napanda, ninyi mnachangia."

Watu wakatazamana. Kipriani aliuliza kwa upole, maana hakutaka kumwaibisha mgeni. "Watu hawana mbegu. Wewe unakwenda kwao na baiskeli yenye keria. Unapita kwetu sisi tuliovuna, halafu unafika kwao na keria tupu? Utawaambia nini?"

"Nitawaambia... mchango..."

"Labda huko ulikotoka ndivyo," alisema Kipriani, akiwaelekea wenzake kama mtu anayemwombea mgonjwa msamaha. "Huku, baiskeli tupu ni ya mtu anayekwenda polisi au anayetoka polisi."

Sokoni wakacheka sana. Kisha Kipriani akafungua fundo la mfuko wake, akatoa kibaba cha maharage mekundu ya mbegu, akakiweka juu ya sanduku la sabuni, karibu na viatu vya raizoni. Nyuma yake akaja mwanamke na kibaba kingine, halafu mwingine na mtama, na mwingine akasema atakwenda nyumbani mara moja kuchukua miti ya mihogo.

Longinus alipiga hesabu haraka kichwani. Mbegu mwezi wa Oktoba ni mali, Kasulu zingenunuliwa kama karanga za moto. Akatabasamu, mwanya wote ukaonekana, akawashukuru wananchi kwa kuikosoa kamati. Hakukuwa na kamati, lakini waliikosoa vizuri.

Watumishi wa serikali, ambao hawakuwa na mashamba, walitoa shilingi. Hizo Longinus alizinyooshea mkono kwa unyenyekevu mkubwa, ila mkono wa Philomena ulikuwa umefika kabla. Mama huyo alizichukua, akavuka barabara, akarudi na majembe sita mapya kutoka kwa Athuman, akayafunga kwa kamba kwenye bomba la katikati la Phoenix. Longinus alizitazama fedha zake zilivyogeuka chuma, na hakuna neno la ustaarabu lililomjia.

Walipomaliza kufunga, baiskeli ilikuwa na gunia la maharage na mtama nyuma, limekazwa kwa mpira wa tyubu, mzigo wa miti ya mihogo juu ya gunia, majembe katikati, na kuku mmoja kwenye usukani. Maandishi ya Athuman hayakuonekana hata herufi moja. Athuman alilitazama hilo kwa majonzi.

Longinus akapuliza filimbi, akapanda, akaanguka. Akapanda tena. Ndipo alipogundua kwamba vijana watatu wenye baiskeli zao chakavu, pamoja na Kipriani kwa miguu, walikuwa wamejipanga nyuma yake.

"Mnakwenda wapi, ndugu zangu?"

"Kukusindikiza," alisema Kipriani, akishangaa swali. "Una vitu vya watu. Utakwendaje peke yako kama huna kwenu?"

Ni vizuri tuseme wazi jambo hili, kwa sababu ndilo lililommaliza. Longinus alikuwa Muha kwa baba na kwa mama. Aliondoka kwao akiwa na miaka kumi na tisa, akazunguka Kigoma, Tabora mpaka Mwanza, mijini ambako mtu akikuaga mlangoni basi amekwisha kukuaga. Alikuwa amesahau kabisa kwamba huku mgeni hasimamishwi mlangoni akapungiwa mkono. Hupelekwa mpaka kijito cha mpakani, na kijitoni hupokewa na watu wa upande wa pili, nao humpeleka mpaka kijito chao. Mtu mwenye mzigo wa heshima anaweza kuvuka wilaya nzima namna hiyo bila kubaki peke yake hata dakika moja. Kwa msafiri mwema ni baraka. Kwa Longinus ilikuwa gereza lenye watu wanaocheka.

Kipriani aliishia kwenye kijito cha kwanza, akarudi baada ya kuwaeleza wenzake wa ng'ambo kila kitu: mbegu ni za nani, zinakwenda wapi, kuku anaitwaje. Wale wa ng'ambo wakaongeza viganja viwili vya maharage. "Sisi pia tulihamishwa mwaka juzi," alisema mwanamke mmoja, akimimina. "Tulikula mbegu zetu sote na watoto. Tunajua." Alisema hivyo bila kulia, na Longinus akajikuta akiangalia pembeni.

Siku ile ya kwanza, mchana, lori la dereva mmoja aitwaye Tharsisi likawapita likielekea Kasulu na shehena ya mihogo mikavu, na Longinus akaliona kama jibu la sala. Akalisimamisha kwa filimbi.

"Ndugu dereva! Kwa ajili ya wakulima! Nipandishe mimi na baiskeli!"

Tharsisi alikuwa tayari ameshika kitasa ashuke amsaidie, lakini kutoka kiti cha abiria kikachomoza kichwa cha Mama Philomena, kimefungwa kitambaa kizuri cha safari.

"Kanuni ya kwanza, ndugu Mratibu," alisema. "Msafiri hatapanda gari."

"Mama! Wewe unakwenda wapi?"

"Naenda kumsalimu ndugu yangu. Mimi sikuandika kanuni yoyote."

Lori likaondoka. Wasindikizaji walimtazama Longinus kwa heshima mpya, wakidhani alikuwa anawajaribu kama wanazikumbuka kanuni.

Siku ya pili aliugua. Alilala chini kando ya njia ameshika tumbo, akaomba aachwe peke yake, wao warudi tu, asubuhi ataendelea. Wenyeji hawakusikia maneno kama hayo. Walimkamulia majani ya mbirizi, machungu kuliko kitu chochote alichowahi kuonja, wakamnywesha kikombe kizima. Kisha wakashauriana, wakaona kwamba kwa kuwa mgonjwa hawezi kuendesha, na mbegu haziwezi kusubiri, kanuni ya tatu ilegezwe, mmoja wao aipande Phoenix na kutangulia nayo. Kijana alikuwa ameshaweka mguu kwenye pedeli.

"Nimepona," alisema Longinus.

"Mbirizi ni dawa kali," walikubaliana.

Alivuka Malagarasi amezungukwa na watu kumi na mmoja. Viatu vya raizoni vilikwishabanduka soli, akaviacha kwa mwenyeji mmoja ambaye alimpa badala yake makubazi ya tairi. Miguu ilimuuma, mapaja yalimuuma, na mahali ambapo mtu hukalia tusipataje. Kila usiku Phoenix ililazwa chumba cha ndani, nyuma ya kitanda cha mwenye nyumba, ili isipigwe na umande.

Asubuhi ya tatu, juu ya mteremko mrefu wa upande wa Makere, alifanya jaribio la mwisho. Mteremko ulishuka moja kwa moja mpaka bondeni, na wasindikizaji wa zamu hiyo walikuwa wa miguu. Longinus aliwatazama kwa huruma. Akakaa vizuri, akaachia breki.

Mzigo wa maharage ukikuta mteremko hauulizi ruhusa. Phoenix ilipaa. Kuku akapiga kelele ambazo hazikuwahi kusikika katika milima ile, majembe yakagongana kama kengele za kanisa, na suruali ya bugaluu ikajaa upepo pande zote mbili. Nyuma yake sauti zikafifia. Longinus, machozi yakimtoka kwa kasi, alicheka kwa sauti. Alikuwa huru! Mbele yake palikuwa na Kasulu, Ujiji, na dunia yote!

Asichokijua ni kwamba wale wa juu walikuwa wameweka mikono mdomoni na kuita. Watu wa milima ile huitana kilima kwa kilima tangu hapo, na sauti ilifika bondeni kabla ya Phoenix. Alipofika kwenye kijito hakuweza kusimama, akaingia majini mpaka ekseli. Pale majini walikuwa wanaume sita wamejipanga kumdaka. Wakamdaka. Wakampigia makofi.

"Hatujawahi kuona mtu mwenye hamu ya kuwafikia wakulima namna hii," alisema mmoja wao, macho yamemlowa.

Kutoka pale, wanaume hao hawakushika barabara ya Kasulu. Waligeuza usukani kwenye njia nyekundu ya kushoto.

"Kasulu ni huko," alisema Longinus, akaonyesha.

"Kasulu ndiyo. Lakini Kumnyinya ni huku."

"Kumnyinya hakuna watu," alisema haraka. "Walihamishwa."

"Ego, ni kweli, walihamishwa. Walihamishiwa hapa chini, nusu saa tu. Ndugu, ungewapelekea mbegu nyani?"

Longinus akashika usukani, akasukuma. Njia nzima ile filimbi ilining'inia tu shingoni.

Kijiji kilikuwa kipya, nyumba zake zimepangwa mistari miwili kama wanafunzi, nyasi za mapaa bado za njano. Migomba iliyopandwa upya ilifika magotini. Mashamba yalikuwa yamelimwa tayari, meusi, safi, yakisubiri, na hakuna kilichopandwa ndani yake. Mtu yeyote aliyekulia kwenye jembe angeelewa alichokuwa anakiona, na Longinus alielewa. Mvua zilikuwa zinaanguka bure.

Watu walikuwa wamesimama wanapiga makofi taratibu, ile namna ya kumpokea mkubwa. Kwenye kigoda mbele yao alikaa Mama Philomena, anakunywa maji. Kando yake alisimama mwanamke mzee, mwembamba, wima kabisa, na Longinus alipomwona akasimamisha baiskeli.

"Ndugu wananchi," alianza, kwa mazoea, na hotuba ikaishia hapo.

Mwanamke mzee hakumkimbilia. Alisogea kwanza kwenye gunia, akafungua mpira wa tyubu, akaingiza mkono, akatoa maharage, akayanusa, akayapindua kiganjani kutafuta tundu za wadudu. Hakuona. Akavuta pumzi ndefu, na kina mama nyuma yake wakaanza kupiga vigelegele. Ndipo Theodosia, mama yake Longinus, akamgeukia mwanawe.

"Mwakeye, baba," alisema, kama anamsalimu mgeni.

"Mwakeye, mama."

"Uliondoka na baiskeli ya baba yako kwenda Uvinza kutuletea chumvi."

"Ndiyo, mama."

"Miaka tisa."

"Ndiyo."

"Iko wapi?"

Longinus aliwahi kumuuzia tajiri mmoja wa Tabora saa ya mkononi ya tajiri huyohuyo. Aliwahi kujieleza mbele ya askari watatu mpaka mmoja akamwazima nauli. Sasa alifungua mdomo na hapakuwa na kitu ndani. Aliona aibu, aibu ya kweli, inayoanzia masikioni, na hakujua mtu huifanyia nini.

"Baba yako mpaka anakufa," alisema Theodosia, "alikuwa anasema barabara ya Uvinza ina matope."

Longinus akakaa chini, palepale, juu ya ardhi iliyolimwa, akalia. Hakuna aliyemzuia, na hakuna aliyemcheka. Mtu mmoja alimfungua kuku.

Alipotulia, Philomena alimletea maji. "Mimi ni mtoto wa Kumnyinya, niliolewa Kibondo," alimwambia. "Mwezi mzima nilikuwa nazunguka sokoni nawaombea hawa mbegu. Kila mtu ananiambia kesho. Mimi ni muuza ugali, nani atasimama kunisikiliza? Halafu ukaja wewe, na filimbi. Uliposema Kumnyinya, nikautazama huo mwanya wako, nikamwona baba yako amekaa mezani kwangu."

"Ulijua tangu siku ile?"

"Tangu kibaba cha kwanza cha pombe."

"Lakini Athuman... mimi nilimshawishi Athuman."

"Athuman alikuja kwangu usiku uleule, ananiuliza kama akuitie polisi," alisema Philomena. "Nikakudhamini mimi. Alimwamini muuza ugali, baba, hakukuamini wewe."

Hilo, katika yote, lilimuuma zaidi.

Kesho yake asubuhi lori la Tharsisi lilirudi kutoka Kasulu, na Philomena akaipandisha Phoenix nyuma. Longinus alitoka mbio shambani, matope mpaka magotini, jembe mojawapo kati ya yale sita mkononi.

"Mama! Kanuni! Hakuna kupanda gari!"

"Kanuni inasema msafiri hapandi," alisema Philomena, akijifunga kitambaa. "Baiskeli haikutajwa. Na tena iliandikwa msafiri atafika. Umefika."

Phoenix haikurudi kwenye boriti. Kipriani na wenzake wa Kumsenga waliinunua kwa kuchanga, kwa sababu walikuwa wameiona kwa macho yao ikipanda vilima na mzigo ule, na Athuman akaagiza nyingine mbili. Kwa hiyo baiskeli ilipitishwa mbele ya watu na watu wakanunua. Wakulima wa Kumnyinya kweli hawakuwa na mbegu, na kweli walifikishiwa. Kila uongo aliousema Longinus pale Kibondo ulitokea kuwa kweli, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yake lilikuwa pigo kubwa.

Alipanda maharage na wenzake, akayapalilia, akasimulia habari za Mwanza ambazo nusu yake ziliaminiwa. Maharage yaliiva vizuri. Kijiji kikaona kitoe magunia kadhaa yakabadilishwe na chumvi Uvinza, na katika mkutano wakamteua Longinus aongoze, maana hakuna aliyemzidi kupatana. Hakuna aliyecheka walipolisema hilo. Waliinamisha nyuso tu.

Asubuhi ya safari aliamka mapema, akajifunga makubazi ya tairi, akavaa filimbi yake. Alipogeuka kuwaaga, aliwaona wasindikizaji wamekwisha kusimama tayari. Walikuwa wanne. Wa kwanza, kitenge amekikaza kiunoni na fimbo mkononi, alikuwa Theodosia.

"Mama," alisema Longinus, "Uvinza ni mbali."

"Najua ni mbali," alisema mama yake, akatangulia njiani. "Mara ya kwanza ilikuchukua miaka tisa."